Sungura Wawili, Mlango Mmoja

Nchini Uingereza, sungura ndiye mnyama wa tatu kwa kufugwa majumbani kwa mapenzi, nyuma ya mbwa na paka. Shirika la tiba ya wanyama la PDSA hukadiria kwamba wako karibu milioni moja. Wengi huchukuliwa wakiwa na umri wa wiki 8 hivi, mara nyingi kwa sababu mtoto wa nyumba ameomba, na akitunzwa vizuri sungura huishi kati ya miaka 8 na 12. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mnyama aliyeletwa kumfurahisha mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa bado hai siku mtoto huyo anafunga mizigo kwenda chuo kikuu. Katikati ya miaka hiyo familia huhama, wazazi huachana, kodi ya nyumba hupanda, mtu huugua. Ndipo huulizwa: hawa sungura wapelekwe wapi? Na kwa kuwa siku hizi wafugaji wengi wanashauriwa kuchukua wawili, huja swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: je, ni lazima waende pamoja?

Naanza na hilo la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: jozi iliyoshikamana haigawanywi. Anayeitafutia nyumba nyingine aihesabu kuwa mzigo mmoja usiofunguliwa, na apange muda, fedha na subira yake kwa kipimo hicho.

Msomaji wa Nyeri au Iringa, anayemjua sungura wa bandani anayefugwa kwa ajili ya nyama na mkojo wa mbolea, ana haki ya kuuliza sungura wa ndani ni yupi. Ni yule yule, Oryctolagus cuniculus, mwenye asili ya Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Tofauti iko katika maisha yake. Huyu huishi sebuleni, hujisaidia kwenye beseni lenye nyasi kavu, huhasiwa, huchanjwa kila mwaka, na hana siku ya kuchinjwa. Ufugaji wa namna hii ulipata msukumo Marekani mwaka 1985, Marinell Harriman alipochapisha kitabu chake House Rabbit Handbook. Miaka mitatu baadaye, yeye na wenzake wakaanzisha House Rabbit Society huko California. Mwaka 1996 Waingereza nao wakaanzisha chama chao, ambacho leo kinaitwa Rabbit Welfare Association & Fund. Familia za Waswahili zilizoko London, Leicester, Minneapolis au Toronto hukutana na sungura hawa kwa majirani na darasani kwa watoto wao, na zipo zinazojikuta nazo zina wawili.

Asili ya mnyama huyu ndiyo inayofanya suala la jozi liwe zito. Sungura wa porini tunayemwona kwenye nyika zetu za Afrika Mashariki ni wa jamii nyingine: hachimbi mashimo, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, na muda mwingi hukaa peke yake. Huyu wa Ulaya ni mnyama wa ukoo. Huchimba mahandaki, huishi humo kwa makundi, huzaa watoto uchi wasioona, na usalama wake uko katika masikio ya wenzake. Mmoja akila, mwingine husikiliza. Mmoja akishtuka hupiga kishindo kwa miguu ya nyuma, na wote hutoweka ardhini. Ni mnyama anayeliwa na karibu kila mwindaji, kwa hiyo mwili wake wote umejengwa kwa kukaa macho. Mwenzake akiwa kando ndipo anapopata nafasi ya kulegea.

Hayo yamepimwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliowapa sungura jike wa maabara milango ya kusukuma iliyokuwa ikiongezwa uzito, ili ijulikane wako tayari kutoa jasho kiasi gani kwa kila kitu kilichowekwa upande wa pili. Kumfikia sungura mwingine walikuthamini karibu sawa na kukifikia chakula. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Veterinary College ya London wakachapisha matokeo ya kuwalinganisha sungura waliowekwa wawili wawili na waliowekwa peke yao. Waliokuwa peke yao waliguguna vyuma vya vizimba kwa namna ambayo wale wa jozi hawakuonyesha, na katika baridi joto la miili yao lilikuwa chini zaidi. Kwa mnyama huyu, mwenzake ni shuka pia.

Sheria ya England na Wales imeligusa jambo hili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamtaka kila mwenye mnyama atimize mahitaji yake, na miongoni mwa mahitaji hayo imetaja wazi haja ya kuishi na wanyama wengine au kutengwa nao, kulingana na aina ya mnyama. Hata hivyo ripoti za PDSA zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya sungura wa nchi hiyo bado wanaishi peke yao. Kwa hiyo jozi iliyoshikamana, inapopatikana, ni kitu ambacho mtu fulani alikihangaikia.

Na kuipata ni kazi kweli kweli. Sungura wawili wageni hawawekwi pamoja wakapatana kama vifaranga. Kila mmoja ana eneo lake analolilinda kwa meno na kucha za miguu ya nyuma, na wanapopigana kwa dhati wanaweza kuchanana vibaya hadi kuuana. Njia inayofanikiwa zaidi ni dume aliyehasiwa na jike aliyefungwa kizazi. Upasuaji huo humsaidia jike kwa namna nyingine pia, kwa kuwa saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida sana kwa majike wakubwa wasiofanyiwa. Dume naye anaweza kutia mimba hadi wiki 6 hivi baada ya kuhasiwa, kwa hiyo husubiriwa. Kisha hukutanishwa mahali ambapo hakuna mwenye harufu yake, wakiangaliwa dakika kwa dakika. Wapo wanaokubaliana ndani ya siku chache, na wapo wanaochukua miezi. Wengine hukataana kabisa. Wakishashikamana, hulala ubavu kwa ubavu, hulambana nyuso na masikio, hula rundo moja la nyasi, na mmoja akisogea mwingine hufuata.

Uhusiano huo una nguvu na ni mwepesi wa kuvunjika kwa wakati mmoja, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu humpeleka mmoja kwa daktari wa mifugo, anamrudisha jioni akiwa na harufu ya dawa na ya mbwa wa ukumbini, na yule aliyebaki nyumbani anamshambulia kama mvamizi. Ndiyo maana madaktari wanaowajua sungura husema leta wote wawili hata kama mgonjwa ni mmoja. Kama kutengana kwa mchana mmoja kunaweza kuleta hayo, kutenganisha jozi kwa wiki mbili, "mpaka tuone mambo yatakavyokuwa", ni kucheza na kitu ambacho huenda kisirudi.

Kutenganishwa moja kwa moja kuna hatari nyingine, na hiyo iko tumboni. Utumbo wa sungura lazima uwe unatembea saa zote. Asilimia 80 au zaidi ya chakula chake inapaswa kuwa nyasi, mbichi au kavu, na nyasi hizo ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno yasiyokoma kukua. Hofu na majonzi humfanya aache kula. Akiacha kula, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu humfanya akatae chakula zaidi, na mduara huo unaweza kumuua. Hawezi kutapika, na kwa kuwa ni mnyama anayewindwa huficha maumivu hadi yamzidi. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula ni mgonjwa wa dharura. Kwa hiyo anayesema "atazoea tu" anazungumzia mnyama ambaye anaweza kufa kabla hajazoea.

Zipo hoja za upande wa pili, na hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni ya hesabu: vituo vya kuokoa wanyama vimejaa, na ni rahisi kumpata mtu wa kuchukua mmoja kuliko wa kuchukua wawili. Inasikika kuwa ya busara, lakini haisimami ukiifuata hadi mwisho. Kituo kizuri hakimtoi sungura mmoja aende kuishi peke yake. Kinamtoa kwa nyumba ambayo tayari ina sungura mwingine mpweke. Maana yake, ukiigawanya jozi umeunda wapweke wawili, na kila mmoja sasa anahitaji mwenza mpya, vikao vya kukutanishwa upya, hatari ya kupigana upya, na mlezi mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Ulichookoa ni usumbufu wa tangazo moja, na kazi uliyoiongeza ni kubwa mara mbili kuliko ile uliyokuwa nayo. Gharama za nafasi nazo hazipungui sana. Rabbit Welfare Association inashauri eneo lisilopungua mita 3 kwa mita 2, lenye kimo cha mita 1, na kipimo hicho ni cha jozi.

Hoja ya pili hutoka katika nyumba zinazovunjika. Wazazi wanaachana, watoto wanagawanyika wikendi kwa wikendi, na mtu anapendekeza kila upande uchukue sungura mmoja ili watoto wasijione wamenyang'anywa. Nawaelewa, na sidhani kuna nia mbaya hapo. Lakini sungura si viti vya sebuleni. Ikiwa lazima upande mmoja ukose, basi ukose wote wawili, na watoto waelezwe kwa nini. Mtoto wa miaka 8 anaweza kabisa kuelewa kwamba wawili hawa wanahitajiana.

Hoja ya tatu ina uzito wa kweli: vipi kama wameshaanza kupigana? Hapa ni lazima kutofautisha. Kufukuzana, kupandana na kung'oana manyoya kidogo mara nyingi ni mabishano ya cheo, na kwa sungura wasiohasiwa ni homoni zinazopanda wanapokomaa, kuanzia umri wa miezi 3 au 4. Dawa yake ni upasuaji na subira. Maumivu nayo hubadili tabia, kwa hiyo sungura aliyeanza ghafla kumuuma mwenzake apelekwe kwa daktari kabla hajahukumiwa. Lakini wakishikana na kuzunguka kama gurudumu huku manyoya yakiruka na damu ikitoka, na hali hiyo ikarudi hata baada ya upasuaji na matibabu, basi jozi hiyo imekufa. Kuwaweka pamoja kwa nguvu ni ukatili. Wawili hao watafutiwe wenza wengine, na kituo kiambiwe ukweli wote.

Kabla ya kufika huko kote, liko swali ambalo watu hulipita haraka: je, kuwatoa kunahitajika kweli? Sababu nyingine zina tiba. Mzio ni mfano. Mtu hupiga chafya, macho yanawasha, anahitimisha kuwa ni sungura, kumbe wakati mwingine ni vumbi la nyasi kavu. Kupima mzio kabla ya kuamua, kubadili aina ya nyasi na kuzihifadhi nje ya chumba kunaweza kumaliza suala. Nyaya za umeme zilizotafunwa na zulia lililochimbwa hurekebishwa kwa mabomba ya plastiki ya kufunika nyaya na kwa kuwapa mahali pa kuchimba. Mkojo unaonuka na kusambazwa kila kona mara nyingi ni wa mnyama ambaye hajahasiwa. Mwenye nyumba anayekataa wanyama alikuwa ukuta usiorukika, lakini Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 nchini England imeingiza haki ya mpangaji kuomba kufuga, na mwenye nyumba hapaswi kukataa bila sababu ya msingi. Mtoto kupoteza hamu si sababu kabisa. Mwenye jukumu tangu mwanzo alikuwa mtu mzima, na ndiyo maana sheria ile ya 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtu aliye chini ya miaka 16.

Sababu nyingine hazina tiba: ugonjwa mzito, kukosa makao, kuhamia nchi ambako hawawezi kupelekwa au ambako safari yenyewe itawaua. Anayerejea Afrika Mashariki na kufikiria kuwabeba sungura wake ajue kwamba wanyama hawa huanza kupata shida joto likipita nyuzi 25 au 26 hivi, hawatoi jasho, na safari ndefu ya ndege yenye kelele ni mtihani mzito kwa utumbo niliokwisha kuueleza. Ajue pia kwamba akibadili nia, kuwarudisha Uingereza kutoka nje ya Ulaya kunaweza kuwaweka karantini miezi 4. Kwa mtu wa namna hiyo, kuwatafutia nyumba nyingine ni tendo la upendo, na asione aibu.

Basi wapelekwe wapi? Njia ya kwanza ni kurudi walikotoka. Vituo vingi vilivyowatoa sungura kwa mkataba huandika ndani yake kwamba lazima warudishwe huko endapo hali itabadilika, na wafugaji waadilifu nao hukubali kuwapokea tena wale waliowazalisha. Njia ya pili ni vituo vya kuokoa wanyama: RSPCA, Blue Cross, Wood Green, na vile vidogo vinavyoendeshwa kwa kujitolea kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba za watu. Hivi vidogo mara nyingi ndivyo vinavyowajua sungura zaidi. Tatizo ni foleni. Wakati wa janga la korona watu wengi walijichukulia sungura, kisha gharama za maisha zikapanda, na vituo vikajaa. Kusubiri wiki au miezi ni kawaida. Vipo vinavyosaidia kwa njia ya katikati: sungura wanabaki kwako, kituo kinawatangaza, kinakagua waombaji, na makabidhiano yanafanyika kati yako na familia mpya. Kwa jozi iliyozoea chumba chake naiona njia hii kuwa bora kuliko zote, kwa sababu wanahama mara moja tu.

Njia ya tatu ni rafiki, jirani, mtu wa msikitini au kanisani. Inafaa mradi asikubali kwa haya. Mtu aliyeshindwa kukukatalia ndiye atakayekuwa na sungura wasiotakiwa miezi sita baadaye. Afadhali umpe nafasi ya kukataa mara mbili, umwonyeshe bili za daktari, umwambie kila kitu kinachochosha, kisha usikilize kama bado anawataka.

Njia ya nne ni matangazo, na hapo pana hatari. Tangazo la "wanatolewa bure" huvutia watu wema, na huvutia pia anayetafuta chakula cha nyoka wake, anayetaka wanyama wa kuwauza tena, na yule aliyeamka leo na hamu itakayokwisha Jumapili. Vituo vya sungura vimekuwa vikionya hivyo kwa miaka. Anayelazimika kutangaza atoze ada ya kutosha kumfanya mtu afikiri, akatae kumkabidhi mtu siku ya kwanza ya kuonana, na aende kuiona nyumba. Maswali ya kuuliza si mengi, ila majibu yake yasikilizwe vizuri. Sungura wataishi wapi usiku? Nani atawalisha mkisafiri? Daktari wenu wa mifugo anawatibu sungura, au ni wa mbwa na paka tu? Mmeshawahi kuwa na sungura, na aliishi miaka mingapi? Swali hili la mwisho hufichua mengi. Anayejibu "walikuwa wakifa tu baada ya mwaka mmoja au miwili" amekwambia jinsi anavyofuga.

Njia ya tano ni ile isiyostahili kuitwa njia: kuwaachia mbugani au kwenye bustani ya umma kwa imani kwamba watarudi kwenye asili yao. Hawana asili ya kurudia. Rangi zao nyeupe na madoa huwaita mbweha na mwewe, na magonjwa huwasubiri nyasini. Miksomatosisi ilifika Uingereza mwaka 1953, na aina ya pili ya homa ya sungura ya kuvuja damu iligunduliwa Ufaransa mwaka 2010 kisha ikasambaa. Wachache wanaonusurika huzaana. Katika eneo la Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, sungura waliotupwa na wenyewe walizaana hadi wakapita 1,000. Mwaka 2010 na 2011 chuo kikawaondoa, baadhi yao wakauawa, na mamia wakahamishiwa kwenye hifadhi baada ya watu wa kujitolea kuhangaika kupata vibali na mahali. Nchini England na Wales, anayemtelekeza mnyama anayemtegemea anaweza kujikuta mahakamani.

Kuna jozi ambazo hakuna anayezitaka: wawili wa miaka 8, mmoja ana meno yanayohitaji kusagwa kila baada ya wiki kadhaa, mwingine ana miguu ya nyuma iliyodhoofika. Hapa nazungumza kwa uzito. Kituo kinaweza kukataa, na kukataa huko kusichukuliwe kuwa ni ukatili. Mazungumzo na daktari wa mifugo kuhusu maumivu na siku zilizobaki yanaweza kufikia uamuzi wa kumlaza mgonjwa usingizi wa mwisho, na uamuzi huo, ukifanywa kwa ajili ya maumivu ya mnyama, ni wa heshima kuliko kumsukuma kwenye gari kwenda kwa mgeni. Ukifanywa ili kupisha safari, siwezi kuutetea. Na ikiwa mmoja ametangulia, yule aliyebaki aachwe kwa muda karibu na mwili wa mwenzake. Walezi wengi wameona kwamba huunusa, hukaa, kisha huacha kumtafuta.

Siku ya makabidhiano yenyewe ina kanuni chache, nazo zote zinatokana na pua. Wawili hao wasafiri ndani ya sanduku moja, wakigusana. Liende nao beseni lao la choo bila kuoshwa, na blanketi lao lenye harufu yao, ili chumba kipya kiwe na kitu kinachosema ni chao. Wapewe chumba kimoja kwanza, wakishakula na kujisaidia kama kawaida ndipo waongezewe mwingine. Chakula kisibadilishwe kwa wiki moja au mbili za mwanzo, na mfuko wa nyasi walizozizoea uende nao. Nyaraka za chanjo na upasuaji zitiwe mkononi mwa mlezi mpya, na kama wana chipu, jina la mwenye mnyama libadilishwe kwenye orodha siku hiyo hiyo. Mwenye busara huandika pia karatasi ya tabia zao: nani hula kwa pupa, nani huogopa kubebwa, majani gani wanayapenda, jike hupiga kishindo akiona nini. Ugomvi mdogo wa cheo ukizuka siku za mwanzo usimtishe mlezi. Wakigoma kula, aende kwa daktari usiku huo huo.

Yote haya yanamwelemea mtu mmoja aliyeko mwisho wa mnyororo, wakati kosa lilifanyika mwanzoni, dukani. Katika nchi nyingi sungura bado ananunuliwa haraka kuliko kiti cha ofisi, na bila mkataba wowote. California ililishika jambo hili mahali panapofaa: tangu Januari 2019 maduka ya wanyama huko hayaruhusiwi kuuza mbwa, paka na sungura isipokuwa waliotoka kwenye vituo vya kuokoa wanyama. New York nayo ilifuata kwa kupiga marufuku uuzaji wa wanyama hao madukani mwishoni mwa 2024. Naunga mkono sheria za namna hiyo kwa moyo wote. Zinapunguza idadi ya wanaoingia, na zinamkutanisha mnunuzi na mtu atakayemuuliza maswali kabla, wakati bado maswali yana faida.

Lakini sheria hizo hazitamsaidia mwenye jozi leo. Kwake yeye kinachohesabika ni muda, kwa sababu wengi wanaoishia kuwagawa wanyama wao hufanya hivyo wakiwa na siku tatu kabla ya gari la kuhamisha vyombo kufika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unaona dalili kwamba mwaka huu huenda ukaondoka kwenye nyumba hiyo, au kwamba afya au kipato chako hakitaruhusu, pigia kituo simu sasa, wakati foleni ndefu bado haimuumizi mtu. Wahasi kama hawajahasiwa, wachanje, tafuta nyaraka zao. Na unapotaja majina yao, yataje yote mawili, uombe yaandikwe kwenye mstari mmoja.